Noeli yetu tuliovuka Bugarama

Wenzetu wanaotengeneza karatasi wametuomba sisi walimu wa kujitolea tuandike juu ya Noeli katika familia. Tukakaa, tukaulizana: Noeli gani sasa? Ile ya kwenye picha, yenye theluji na mti wa taa? Hiyo hatuijui. Tutaandika ile tunayoijua, Noeli ya mwaka 2025, iliyotukuta tumeshavuka Bugarama na mizigo ya kichwani tu.

Kwa ninyi ambao hamtoki pande zile, tuwaeleze kidogo. Bugarama iko kusini kabisa mwa wilaya ya Rusizi, ile ambayo zamani ilikuwa Cyangugu. Ni bonde la joto chini ya milima, mashamba ya mpunga yanakwenda mbali mpaka macho yanachoka. Kuna kiwanda cha saruji, kuna maembe, kuna misikiti na makanisa. Ukisimama mpakani, mto Rusizi uko mbele yako, na ng'ambo ni Kamanyola, Kongo. Burundi nayo haiko mbali, ni kuvuka mto Ruhwa tu. Nchi tatu zinaangaliana, na Kiswahili unakisikia pande zote.

Kabla ya vita, sisi wa Kamanyola hatukuuona mpaka ule kama ukuta. Mama anavuka asubuhi na biashara yake kichwani, jioni anarudi na mchele. Mtu ana dada ameolewa upande huu, ana mjomba upande ule. Na wakati wa Noeli ndo watu walivuka kweli kweli. Kuku wanalia kwenye vikapu, watoto wamevaa nguo mpya zinazonuka dukani, shangazi wa Bugarama anangoja na sufuria ya wali. Mwaka huu tunakula kwenu, mwaka kesho mtakula kwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu, na hakuna aliyeiandika popote.

Mwaka 2025 Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 30 Novemba. Wakatoliki waliwasha mshumaa wa kwanza. Wa pili wengi wetu hatukuuwasha. Siku zile za mwanzo wa Desemba mapigano yalikaribia, mabomu yakasikika, na watu wa lile bonde wakakimbia kila mtu na njia yake. Wengi walikwenda Burundi. Wengine tulivuka daraja kuingia Bugarama. Tarehe 10 vita vilikuwa vimefika Uvira. Juu ya nani alimpiga nani hatuandiki, karatasi hii si ya mambo hayo, na hapa kambini tunaishi pamoja watu wa kila upande.

Tunachotaka kuandika ni hiki: familia zilikatika katikati. Baba alikuwa Luvungi kwenye shamba, mama na watoto walikuwa nyumbani. Bibi alikataa kutoka. Mtoto mkubwa alikimbia na majirani, akaishia Burundi. Kwa hiyo tarehe 24 ilipofika, tatizo letu la kwanza halikuwa nyama wala Fanta. Tatizo lilikuwa maswali ya watoto.

Sisi tulikuwa tumeanza kuwakusanya watoto chini ya shitingi moja, kuimba, kuhesabu na kuchora. Siku mbili kabla ya Noeli tukawaambia wachore nyumba siku ya sikukuu. Tulifikiri watachora kuku na nguo. Mtoto mmoja wa kama miaka saba alichora sahani sita, wakati pale walikuwa wanne. Tukamuuliza, hizi mbili za nani? Akasema, "Ya baba na ya Dada. Watakuja na njaa." Mama yake alikuwa amemwambia baba yuko kazini. Mama yule tulimwelewa sana, lakini tuseme ukweli, mtoto alishajua. Watoto wetu wanasikia usiku, shitingi haina masikio ya kuziba. Ukimwambia "baba anakuja kesho" na kesho ikapita mara kumi, siku utakapomwambia kweli hatakusikia. Afadhali umwambie: hatujui baba yuko wapi, tunamtafuta, na tunamwombea leo. Mama huyo alimwambia mwanawe hivyo, mkesha wenyewe wa Noeli. Walilia wote wawili. Halafu mtoto akataka jina la baba litajwe kanisani, kwa sauti.

Hapo ndipo lilipotoka jambo la majina, tutalirudia.

Sasa kanisa. Kanisa gani? Pale mapokezini palikuwa na Wakatoliki, Wapentekoste, Wamethodisti, Waanglikana, Waadventista, na Waislamu kadhaa. Turubai la kusalia lilikuwa moja. Wakatoliki walitaka mkesha usiku wa tarehe 24, kama kawaida yao. Wapentekoste walitaka asubuhi ya tarehe 25, na ngoma. Waadventista wakasema wao Noeli si sikukuu waliyoamriwa, ila hawatakaa ndani wenzao wakisherehekea. Basi ikawa mjadala, na mjadala wa watu wa Mungu mnaujua, unaweza kumaliza Majilio yote! Mzee mmoja katekista ndiye aliyeukata. Alisema: wenye mkesha wasali mkesha, wenye asubuhi wasali asubuhi, lakini saa nne tuwe na ibada moja ya familia zote, bila mahubiri marefu. Wachungaji walicheka, wakakubali.

Kwaya ndiyo ilikuwa kazi. Kila mtu anajua nyimbo zilezile za Noeli lakini kila mtu na maneno yake: huyu Kiswahili, huyu Mashi, huyu Kifuliiru, huyu Kinyamulenge. Sauti moja, maneno manne. Mwanzoni walimu wa kwaya walinuniana, kila mmoja akasema wake ndio wimbo wenyewe. Mwishowe waliamua kila kundi liimbe ubeti kwa lugha yake, kiitikio kwa Kiswahili. Ngoma ilikuwa bidoni ya maji. Tunasema bila kujisifu, ilitoka vizuri kuliko kwaya nyingi zenye sare.

Kuna neno gumu hapa na hatutaki kuliruka. Siku zile si wote waliokaa benchi moja. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiangaliana kwa jicho la "ninyi ndio mliotufikisha hapa". Mama mmoja alisema wazi hatashika mkono wa amani wa mtu wa kabila fulani. Hatukumlazimisha. Katekista alimsimulia habari za Padri Ubald Rugirangoga, wa parokia ya Mushaka, hukuhuku Rusizi. Padri huyo mwaka 1973, akiwa kijana wa seminari, alikimbilia Burundi, yaani ukimbizi aliujua. Mwaka 1994 mama yake na ndugu zake wengi waliuawa katika mauaji ya kimbari. Baadaye alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na akasaidia karo ya shule ya watoto wa mtu yule. Pale Mushaka waliotoka gerezani kwa makosa ya mauaji hawakurudi kupokea Komunyo hivihivi tu, walipitia kwanza mafundisho ya miezi na kuwaomba msamaha waliowakosea. Padri Ubald alifariki Januari 2021. Mama yetu alisikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Huyo alikuwa na miaka ya kufikiri. Mimi nina wiki mbili." Tuliona amesema kweli. Msamaha una wakati wake. Lakini alikuja kwenye ibada, akakaa nyuma, na mtoto wake aliimba mbele.

Chakula. Pale mapokezini chakula kilipikwa kwenye masufuria makubwa ya wote, unapanga mstari na sahani yako. Hatulalamiki, tulikula. Ila ninyi kina mama mnajua, Noeli bila sufuria yako mwenyewe inauma kwa namna nyingine. Mama mmoja aliyezoea kulisha watu ishirini siku ile alisema mikono yake inamwasha. Wanaume wengine waliuza blanketi wapate nyama ya siku moja. Hilo tunalisema kwa upendo lakini tunalisema: usiku wa tarehe 26 watoto wao walilala na baridi. Tunajua aibu ya baba asiye na kitu mbele ya watoto siku ya sikukuu. Lakini mtoto hakumbuki nyama kama anavyokumbuka kukohoa. Na mwanzoni mwa Januari masomo ya muhula wa pili huanza Rwanda, hapo ndipo fedha yenyewe inatakiwa, daftari, kalamu, viatu. Kama una kidogo, nunua nguo ya caguwa itakayovaliwa sikukuu na shuleni pia.

Kina mama wenyewe walipata njia. Kila familia ilitoa ilichokuwa nacho, kikombe cha unga, chumvi, kitunguu, na wakapika uji wa sukari na mandazi ya watoto peke yao. Mchele ulitoka kwa mama mmoja wa Bugarama, Mwislamu, aliyekuwa akifanya biashara na mmoja wetu kwa miaka. Alikuja na mfuko mgongoni, akasema mwaka ule ilikuwa zamu yao kulisha. Yaani ile hesabu ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Vijana wetu Waislamu ndio walioteka maji siku nzima wengine tukiwa kwenye ibada. Isa bin Mariamu wanamjua, walituambia, hata sura ya Maryam iko kwao.

Halafu majina. Katika ibada ya saa nne kila familia ilisimama ikataja jina la asiyekuwepo, jina tu, bila maelezo ya alikoelekea wala amefanya nini. Yule mtoto wa sahani sita alitaja mawili. Tulifikiri ingechukua dakika kumi. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyesema twende haraka. Wachungaji hawakuhubiri tena, ilikuwa imetosha.

Jumapili iliyofuata, tarehe 28 Desemba, Wakatoliki walikuwa na sikukuu ya Familia Takatifu. Na Injili iliyosomwa siku ile duniani kote, Roma, Kinshasa, kila mahali, ilikuwa ya Mathayo sura ya 2: Yosefu anaamshwa usiku, anachukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Hatukuichagua sisi, ndiyo iliyokuwa kwenye kalenda. Mzee mmoja alipoisikia akauliza kwa sauti, ati wao walivukia wapi? Watu wakacheka, katikati ya masomo! Papa Pius XII mwaka 1952 aliandika kwamba familia ile ya Misri ni mfano wa kila familia ya wakimbizi. Tulilisoma hilo zamani shuleni likatupita. Tukumbuke pia kwamba Yosefu hakuambiwa atakaa Misri miaka mingapi. Aliambiwa akae mpaka atakapoambiwa.

Si sisi wa kwanza kuvuka daraja lile tukibeba imani. Machi 2018 Warundi zaidi ya 2,000, waumini wa kundi la sala lililofuata maono ya mwanamke mmoja, walivuka hapohapo kutoka Kamanyola, ambako Septemba 2017 wenzao zaidi ya 30 walikuwa wameuawa kwa risasi. Imani yao ilikuwa kubwa. Lakini walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole na mambo ya chanjo, kwa sababu ya dini, na Aprili wengi wao walirudi Burundi. Hatuwahukumu, walipita makubwa. Tunalitaja kwa sababu bado kuna familia zinazoogopa kuandikisha watoto. Ndugu zetu, jina la mtoto likiwa kwenye orodha, mtu anayemtafuta ana pa kuanzia. Lisipokuwepo, atapita mbele ya mlango wako bila kujua.

Na juu ya kutafuta: Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana bila malipo. Usimpe mtu yeyote fedha kwa kazi hiyo. Peleka jina kamili la ndugu yako, majina ya baba na mama yake, kijiji, mwaka wa kuzaliwa kama unaujua, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Jina la nyumbani nalo litaje, wengi wetu tunajulikana kwa hilo zaidi. Asiyejua kuandika aje kwetu darasani baada ya saa tisa, tutamwandikia.

Yule dada wa sahani ya sita alipatikana, yuko Burundi, alisikika kwa simu. Baba bado tunamtafuta.

Kwa Noeli ijayo mazoezi ya kwaya ni Jumanne na Alhamisi saa kumi, kwenye darasa la pili. Njooni na lugha zenu. Bidoni tunayo, ila imepasuka upande mmoja. Mwenye nyingine atusaidie.