Ukwaju wa Machakos, Futari ya Mombasa

Hakuna nyumba ya Mswahili, kuanzia Lamu hadi Vanga, isiyoujua ukwaju. Mwezi wa Ramadhani hukaa jagini ukingoja adhana ya magharibi. Ramadhani ikipita, huutafuta mchuzi wa samaki, huingia katika chatini ya viazi vya karai, na hujaa kibakulini kando ya mishikaki. Lakini ukimwuliza mlaji ukwaju huu watoka wapi, atakujibu kuwa watoka Marikiti au Kongowea, na hapo ndipo maarifa yake yanapokoma. Kumbe safari ya baadhi ya ukwaju huo huanzia mbali na bahari, katika nchi kavu ya Ukambani, ambako mti wake humea wenyewe bila ya kupandwa, na ambako miaka hii unaingizwa tanurini kuwa makaa. Basi si vibaya, msomaji, leo tukaufuata mti huu hadi Machakos, tukajua huoteshwaje, huchumwaje, na kwa nini umefika wakati wa kuupanda nyumbani badala ya kungoja wa porini.

JINA LA KUPEWA

Tuanze na jina, kwani jina lina kisa. Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni twajua kuwa Waarabu huuita ukwaju tamr hindi, yaani tende ya Hindi. Kutokana na maneno hayo mawili ndipo Wazungu nao wakapata jina lao la tamarind. Kisha mwaka 1753 Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyeipa miti na majani majina ya kitaalamu, akauandika Tamarindus indica, na hivyo ukatiwa Uhindi mara ya pili.

Mara zote mbili mti ulidhulumiwa. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba asili yake ni Afrika, katika mbuga zetu za joto na ukavu, na kwamba ulivuka bahari kwenda Bara Hindi katika zama za kale, ukastawi huko hata ukawa kama mwenyeji. Waarabu waliupokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Hindi, wakaupa jina la waliyemwona akiuuza. Wala si tende, kwani mtende na mkwaju hawana udugu wowote. Mkwaju ni wa ukoo wa kunde na maharagwe, na ukilitazama ganda lake utaiona sura ya ukoo.

Kiswahili hakikuhitaji kukopa. Kiliuita mkwaju, na Wakamba wakauita kithumula, tunda lake likawa nthumula. Wengine miongoni mwao husema kikwasu, na tunda ni ngwasu. Mwenye sikio la lugha hatakosa kusikia jinsi kikwasu na mkwaju yanavyofanana. Sisi watu wa pwani tumeupa mti huu hata vijiji na mitaa, maana Mkwajuni ipo Unguja na ipo Dar es Salaam. Tena mkwaju kwetu ni fimbo pia, na watoto wengi waliijua maana hiyo kabla ya kuonja tunda lenyewe. Leo watangazaji wa mpira wameichukua, na kila mechi ya fainali ikikosa mshindi husikia mikwaju ya penalti.

NCHI YA KITHUMULA

Machakos si mahali pageni kwa mtu wa pwani. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na misafara yenye wapagazi wa Kiswahili nayo ikipanda huko kwao. Kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ilijenga ngome yake Machakos, na mji ukawa makao ya utawala huko bara hadi mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi na makao yakahamishwa. Kwa hivyo njia ya Mombasa na Ukambani ilikuwa ya biashara zamani, na gunia la ukwaju la leo lapita pale pale palipopita pembe.

Mji wenyewe wa Machakos umekaa mguuni pa milima ya Iveti, kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na katika baridi ile mkwaju hauna raha. Lakini ukishuka kuelekea Mwala, Yatta na Masinga, joto hupanda, mvua hupungua, na ndipo mti huanza kuonekana, mmoja hapa na mwingine kule, kando ya mito ya mchanga na katikati ya mashamba. Huweza kufika mita 20 na zaidi kwa urefu. Majani yake ni madogo madogo, yamepangwa mawili mawili katika kikonyo, na kivuli chake ni kizito hata katika miezi ya jua kali. Mizizi yake huzama chini sana, ndiyo sababu hustahimili mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haizidi milimita 500.

Mkamba hakuutazama mti huu kama pambo. Maji ya ukwaju hutiwa katika uji wa mawele au wimbi, uji ukapata ukali wa kupendeza bila ya kungoja siku mbili uchachuke. Majani machanga, nayo pia yana uchachu, huliwa kama mboga. Mbao zake ni ngumu mno, nazo ni nzuri kwa vinu, michi na mipini. Na wakati wa njaa, mbegu zimeokwa zikamenywa zikatafunwa.

KUOTESHA

Mwenye kutaka mkwaju wake na aanze na mbegu za tunda lililokomaa juu ya mti wenye sifa njema, kwani kama ilivyo miembe, ipo mikwaju yenye nyama nyingi na ipo yenye ganda na nyuzi tu. Oshea mbegu nyama yote itoke. Ngozi ya mbegu ni ngumu kama kokoto, kwa hivyo mimina maji ya moto yaliyoepuliwa, uziache humo usiku kucha. Asubuhi zitie katika viriba vyenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kina cha kidole kimoja tu. Zikipata unyevu wa kutosha, huanza kuchipua baada ya wiki moja au mbili.

Mzizi mkuu wa mkwaju una haraka kuliko shina. Huku juu waona mche wa shibiri moja, kumbe chini mzizi umekwisha kutafuta sakafu. Kwa hivyo usiuache mche kiribani ukazeeka. Chimba shimo la futi mbili kwa futi mbili, ngoja mvua ya kwanza ya vuli ishike, kisha uhamishe mche na udongo wake. Kama ni miti mingi, iachiane mita 10. Kama ni mmoja wa nyumbani, usiusogeze karibu na ukuta wala tangi la maji, maana leo ni mche, kesho ni jitu.

Adui wa kwanza ni mbuzi, na dawa yake ni ua la miiba. Adui wa pili ni ukame wa mwaka wa kwanza, na dawa yake ni debe la maji mara moja moja na majani makavu shinani. Baada ya hapo mti hujilea. Lakini mwenye kuotesha kwa mbegu lazima awe na subira, kwani miaka 7 huweza kupita, au hata 10, kabla hajaona tunda. Asiye na subira hiyo na atafute mche uliobebeshwa kikonyo cha mti mzima, ambao huweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Mkwaju uliokomaa na kutunzwa huweza kutoa kilo 150 za matunda kwa mwaka au zaidi, na hudumu kuliko aliyeupanda. Miaka 80 kwake si uzee.

KUCHUMA NA KUWEKA

Maua ya mkwaju ni ya manjano yenye michirizi myekundu, na tangu ua hadi tunda kukomaa hupita miezi 8 hivi au zaidi. Katika nchi kavu ya Ukambani matunda huchumwa wakati wa ukavu, baina ya masika na vuli. Tunda lisilokomaa ganda lake limeshikamana na nyama, nalo ukilikwaruza huonyesha ujani. Lililokomaa ganda huwa kahawia, nyama hunywea ndani na kuachana na ganda. Ukiligonga kwa kidole hutoa mlio wa mvungu, na ukilibana hupasuka.

Wengi huupiga mti kwa fito ndefu. Kufanya hivyo ni kuvunja vitawi vitakavyozaa mwaka ujao. Heri kutikisa tawi na kutandika turubai chini, kisha kuokota. Matunda yaanikwe siku chache, yamenywe, nyuzi zivutwe, na mbegu zitolewe mapema. Hapa ndipo wengi hupata hasara, kwani yupo dudu atoboaye mbegu, naye akiachwa ndani ya gunia hatoki mpaka ameligeuza vumbi. Nyama iliyotolewa mbegu hukandwa kwa chumvi kidogo, ikafanywa madonge, ikaanikwa tena na kutiwa katika chombo chenye kifuniko. Kadiri inavyokaa huzidi kuwa nyeusi. Weusi huo peke yake si uharibifu. Chakuogopesha ni ukungu na harufu ya uvundo.

JAGINI NA CHUNGUNI

Sharbati ya ukwaju haina siri kubwa. Donge la kadiri ya yai la kuku hurowekwa katika vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, likavurugwa kwa mkono safi, likachujwa, kisha likaongezwa maji baridi, sukari, tangawizi iliyopondwa, na iliki kwa apendaye. Wamisri nao huinywa tamr hindi yao katika Ramadhani, na Wasudani wana kinywaji chao cha ukwaju waitacho aradeb. Kwa hivyo mfungaji wa Mombasa anapoinua bilauri, wenziwe wa Cairo na Khartoum wanainua pamoja naye.

Kuhusu chungu, lipo neno moja la kukumbuka. Ukali wa ukwaju hutokana na asidi, na asidi hula madini. Usiuroweke wala kuuacha ulale katika sufuria ya alumini au ya shaba isiyotiwa bati. Tumia chungu cha udongo, bakuli la kioo, au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu dawa, wazee hawakukosea walipoutumia kulainisha tumbo. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliutaja ukwaju miongoni mwa dawa zake. Lakini dawa ni kipimo. Mwenye tumbo jepesi na aupunguze, mwenye kisukari aikumbuke sukari inayotiwa jagini, na anayemeza dawa za hospitali kila siku amwulize daktari kwanza, kwani ukwaju huweza kuongeza nguvu ya dawa nyingine mwilini, aspirini ikiwa mojawapo.

MAKAA

Sasa tufike palipo na uchungu. Ule ugumu wa mti unaofaa kwa kinu ndio unaomvutia mchoma makaa. Mkwaju uliochukua miaka 60 kukua humalizwa kwa msumeno asubuhi moja, na baada ya siku chache tanurini ni magunia ya makaa kando ya barabara. Mwaka 2018 jirani wa Machakos, Kaunti ya Kitui, ilipiga marufuku biashara ya kutoa makaa nje ya kaunti, na mabishano yakawa makubwa, maana mchomaji naye ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake ilhali jiko la mjini, likiwemo la Mombasa, ndilo linalomwita. Yawezekana kabisa, msomaji, kwamba samaki wetu wa ukwaju amepikwa kwa makaa ya mkwaju, na tumekula tunda na mti wake katika sahani moja.

Lakini hesabu ni nyepesi. Makaa huuzwa mara moja. Matunda huuzwa kila mwaka, kwa mtoto na kwa mjukuu. Anayesema kwamba nchi kavu haiponi na aisome habari ya Machakos yenyewe. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitaja kuwa nchi iliyomomonyoka kupita kiasi, na mwaka 1938, serikali ilipowapokonya ng'ombe wao, Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba baina ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kama mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua na miti mashambani ikazidi. Wakulima walichimba matuta kwa majembe yao wenyewe na wakapanda miti waliyoona faida yake. Mkwaju wahitaji kuingia katika hesabu hiyo. Mti uliopandwa una mwenyewe, na mti wenye mwenyewe haukatwi ovyo.

Na sisi wa pwani tusiishie kununua tu. Mkwaju hustawi pia Kilifi, Kwale na Lamu, na nyua zetu nyingi zina nafasi ya mti mmoja. Wazee walikuwa wakionya kwamba mkwaju una wenyewe, wakawakataza watoto kukaa chini yake magharibi. Pengine maneno hayo yaliuokoa mti na mashoka mengi. Leo hofu hiyo imepungua, na yatubidi tuuhifadhi kwa akili.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Mkwaju ni mti wa sadaka hasa, kwa kuwa aupandaye utu uzima aghalabu huwapandia wengine. Kwa hivyo Ramadhani ijayo, ukisha kukamua ukwaju wako, mbegu usizimwage jaani. Chagua kumi zilizo nzima, zioshe, na uzitie maji ya moto usiku huo huo.