Mcheza Kwao: Hutunzwa au Hulipwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hurudiwa sana katika hafla zetu, ila ndani yake mna utata usiojadiliwa. Tunzo ni hisani: mtazamaji hutoa akipenda, na asipotoa hadaiwi. Ujira nao ni haki: aliyefanya kazi anaweza kuudai hata mahakamani. Makala hii inanuia kufafanua ni kwa nini wasanii wengi nchini Kenya wangali upande wa hisani, ilhali ni wafanyakazi.

Awali ya yote, tutofautishe mikataba ya aina mbili. Katika mkataba wa ajira, mtu humtumikia mwajiri kwa mshahara au ujira. Katika mkataba wa kutoa huduma, mtu hujitegemea na kulipwa kwa kazi mahususi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humkinga yule wa kwanza: ana likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo, na mwanamke ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mwigizaji wa tamthilia ya redioni anayelipwa kwa kipindi, mfasiri anayelipwa kwa ukurasa na mchoraji wa vitabu vya watoto aghalabu huwekwa katika kundi la pili. Akiugua, hana kitu. Tamthilia ikikatizwa, hapewi notisi.

Hata hivyo, jina la mkataba silo linaloamua. Mahakama huchunguza uhusiano wenyewe: ni nani apangaye saa na namna ya kufanya kazi? Je, kazi hiyo ni sehemu ya shughuli za kawaida za shirika? Anayefika studioni kila siku kwa amri ya mtayarishaji huenda akawa mwajiriwa, hata akiitwa vinginevyo.

Suala la pili ni hakimiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki huanza kwa mtunzi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imetungwa katika ajira, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Hiki ndicho kitanzi kinachowanasa vijana. Aliyeagizwa mswada wa filamu akalipwa mara moja huenda asiwe na dai lolote la malipo filamu ikionyeshwa tena na tena. Husalia na haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yake isipotoshwe, haki ambazo haziwezi kuhamishwa wakati wa uhai wake. Sentensi moja katika mkataba ingalimwachia zaidi.

Tegemeo lipo. Mnamo 1980, UNESCO ilipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Msanii, likizihimiza nchi zimtambue msanii kuwa mfanyakazi, ingawa pendekezo halifungi nchi kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Wanafunzi wenzangu, kesho ndio sisi tutakaotunga, kufasiri na kuigiza. Tumefunzwa kuchambua shairi neno kwa neno. Mkataba nao tuusome vivyo hivyo kabla ya kutia sahihi. Mcheza kwao na atunzwe, lakini kwanza alipwe.