Ekstensheni Karakanani

Umeme wa kawaida nchini Kenya ni volti 240. Mitambo mikubwa hutumia volti 415 za fezi tatu. Katika karakana za jua kali za Migori na Homa Bay, mashine ya kulehemu huweza kufikishiwa umeme kwa ekstensheni. Plagi ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Mashine inayozidi hapo ifungiwe soketi yake maalumu. Waya mwembamba na mrefu hupoteza volti na kupata moto. Hatari zaidi ni ekstensheni iliyoachwa imezungushwa kwenye kibiringo chake: joto halina pa kutokea, plastiki inalainika, nyaya zinagusana. Ikunjuliwe yote. Waya wa athi usikatwe kamwe. Ndio unaomwokoa fundi bodi ya mashine inaposhika umeme.