Kitufe cha "Agiza Sasa" Kinampeleka Mteja Wako Wapi?

Wiki chache zilizopita nilitaka kuagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mamangu. Rafiki alinitumia tovuti ya dada mmoja anayeoka keki hapa Nairobi. Picha safi, bei zimeandikwa wazi, na chini kulikuwa na kitufe kikubwa cha "Agiza Sasa". Nikabonyeza. Badala ya fomu ya oda, nikaambiwa nilogi kwenye akaunti ambayo si yangu. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Yale yale. Nikaenda kutafuta keki kwingine.

Baadaye nilimtumia ujumbe kumwambia. Alishangaa, maana kwake kitufe kilikuwa kinafungua vizuri tu. Na ni kweli kilifungua, kwa sababu yeye alikuwa amelogi kama mwenye tovuti. Alipokuwa akitengeneza kile kitufe, alikopi anwani ya ukurasa aliokuwa akiuhariri, akaibandika hapo. Hiyo anwani ni kama mlango wa jikoni: mwenye nyumba ana ufunguo, mteja hana.

Kama umejitengenezea tovuti kwa edita za kuburuta na kuweka, kama Google Sites, Wix ama WordPress, kosa hili linaweza kuwa kwako pia na hujui. Hebu tuliangalie pamoja.

Anza na kurasa, kisha viungo

Kiungo, ama linki kama wengi wetu tunavyosema, ni njia ya kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Huwezi kuchora njia kabla hujajua inaenda wapi. Kwa hivyo tengeneza kurasa zote kwanza na uzipe majina mafupi: Nyumbani, Bidhaa, Bei, Malipo, Mawasiliano. Google Sites itaziweka kwenye menyu ya juu yenyewe. Lakini vitufe na maandishi yaliyo ndani ya ukurasa ni kazi yako kuviunganisha.

Hatua zenyewe

1. Chagua maneno, picha ama kitufe unachotaka kibonyezwe.
2. Bonyeza alama ya mnyororo. Ukiwa kwenye kompyuta, kwenye Google Sites na WordPress unaweza kuchagua maneno kisha ubonyeze Ctrl na K.
3. Andika jina la ukurasa, mfano "Malipo", kisha uuchague kwenye orodha inayotokea. Usibandike anwani kutoka juu ya kivinjari.
4. Hifadhi, kisha uchapishe. Mabadiliko ambayo hujachapisha unayaona wewe peke yako.

Hatua ya tatu ndiyo ingemwokoa yule dada. Ukilazimika kubandika anwani, isome kwanza. Kwenye Google Sites, anwani inayoishia na "/edit" ni ya kuhariri. Kama hujaweka domeini yako, ile ya wateja huwa na "/view/". Kwenye WordPress, ukiona "wp-admin" ndani yake, hapo ni jikoni.

Kuna faida nyingine. Tuseme ulianza na anwani ya bure, sasa biashara imekua na umenunua domeini ya .co.ke. Kwenye Wix, ukurasa uliouchagua kwenye orodha hufuata domeini mpya. Anwani uliyobandika itabaki ikielekeza kule kwa zamani. WordPress iko tofauti kidogo: hata ukichagua kwenye orodha, anwani nzima huandikwa ndani ya ukurasa. Ukihama domeini, kagua viungo vyako vyote upya.

Simu na WhatsApp

Wateja wengi watataka kukuuliza swali kabla ya kulipa. Kiungo cha kupiga simu huandikwa tel:+2547 na tarakimu zinazofuata. Cha WhatsApp huandikwa https://wa.me/2547 na zinazofuata, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, na bila ile sifuri ya 07. Ukiandika 07 kwenye kiungo cha WhatsApp, hakitakufikia. Hili ni kosa dogo ambalo linakula oda kimya kimya.

Kiungo cha malipo

Hapa ndipo mteja huwa makini zaidi, na ana haki. Wakenya tumetumiwa linki za uongo hadi tukachoka. Kwa hivyo:

- Andika kitufe kisema kinachofanya. "Lipia keki yako" inaeleweka kuliko "Bonyeza hapa". Pia inamsaidia mteja asiyeona, ambaye simu yake humsomea majina ya viungo kimoja kimoja.
- Jina la biashara lililo kwenye tovuti lifanane na lile mteja ataona akilipa kwa till ama paybill. Likiwa tofauti, mweleze mapema, hapo hapo kando ya kitufe.
- Usiwahi kuweka mahali pa kuandika PIN kwenye tovuti yako. Ombi la PIN hutokea kwenye simu ya mteja yenyewe, na PIN huandikwa hapo tu.
- Kutoka Bei hadi Malipo iwe mbonyezo mmoja. Kila ukurasa wa ziada unakula bundles za mteja, na subira yake pia.

Jaribu kama mteja

Usijaribu tovuti yako ukiwa umelogi. Fungua Chrome kwa hali fiche, ile yenye alama ya kofia na miwani, kisha uandike anwani yako. Hapo unakuwa mgeni kama mteja yeyote. Bonyeza kila kitu: menyu, picha, vitufe, namba ya simu. Kila ukurasa uwe na njia ya kurudi Nyumbani. Ukiona 404, maana yake ukurasa huo haupo kwenye anwani hiyo, labda uliufuta ama ukabadilisha anwani yake.

Mwisho, mpe jirani simu yake mwenyewe, si yako, na umwombe anunue kitu cha bob kumi kutoka mwanzo hadi pesa iingie. Usimwelekeze. Nyamaza tu uangalie anakwama wapi.

Yule dada alirekebisha kitufe chake siku hiyo hiyo. Haikumchukua hata dakika tano. Lakini keki ya mamangu ilikuwa imeshalipiwa kwa mwokaji mwingine. Mimi nilimtumia ujumbe kwa sababu viungo ni sehemu ya kazi yangu. Wateja wengi hawatakuambia, wataondoka tu. Leo jioni kabla ya kufunga duka, bonyeza vitufe vyako.