MKONO UNAOHESABU
Ruwaza katika theluji, mkeka na kanga



Katika shule za Marekani, mtoto wa darasa la nne hupewa mchoro na kuulizwa: ukiukunja katikati, je, nusu zake mbili zitalaliana bila kuzidiana? Hilo ni somo la ulinganifu. Wazazi wengi wa jumuiya yetu wakionyeshwa karatasi hiyo hujibu, “Mwanangu, kamwulize mwalimu, mimi sikusoma.” Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mzazi huyo. Aliyewahi kusuka ukili, kudarizi kofia au kumsuka binti yake nywele amekuwa akiifanya hesabu hiyo kwa miaka mingi, ila hakuna aliyemwambia kwamba inaitwa hesabu.

Ruwaza ni nini?

Ruwaza ni mpangilio unaojirudia kwa kufuata kanuni. Anayeijua kanuni huweza kusema kitakachofuata kabla hajakiona. Madoa yaliyomwagika ovyo juu ya kitambaa si ruwaza. Madoa yaliyopangwa mawili mawili, kisha yakageuzwa, kisha yakarudiwa, ni ruwaza. Binadamu hakuianzisha yeye. Aliikuta duniani, akaitazama, kisha mikono yake ikajifunza kuitengeneza.

Pembe sita za theluji

Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Erie tunaijua theluji kwa ukali wake. Dhoruba ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la Buffalo, na kumbukumbu yake ingali mbichi. Hata hivyo, siku ya utulivu, mwache mtoto anyooshe mkono wa koti jeusi na kuipokea chembe moja. Ataona nyota ndogo yenye pembe sita. Maji yanapoganda, chembechembe zake hushikana kwa umbo la pembe sita, na kila tawi hukua kutokana na umbo hilo. Kwa kuwa matawi yote sita hupita katika baridi na unyevu uleule, aghalabu hukua kwa kufanana. Mnajimu Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima kuhusu pembe hizo mwaka 1611.

Aliyetuonyesha uzuri huo kwa picha alikuwa mkulima wa Jericho, jimbo la Vermont, aitwaye Wilson Bentley. Mama yake ndiye aliyemsomesha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini, akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Mkusanyiko mkubwa wa picha hizo umehifadhiwa hapa hapa Buffalo, katika Buffalo Museum of Science.

Nanasi nalo lina siri yake. Hesabuni mistari ya magamba inayozunguka kuelekea kulia, kisha ile ya kushoto. Mara nyingi mtapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Hizo ni namba za mfuatano wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia.

Ukili haudanganywi

Sasa tuitazame mikono yetu. Katika pwani ya Kenya na Tanzania na katika visiwa vya Unguja na Pemba, mkeka huanza na majani ya ukindu au miyaa. Huchanwa, hukaushwa, na mengine huchemshwa na rangi. Msusi husuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha huushona ukingo kwa ukingo mpaka upana utimie. Hachori kwanza. Anahesabu: juu ya mbili, chini ya mbili, rangi ingie, rangi itoke. Akikosea uzi mmoja, kosa halikai pale lilipotendeka. Hutembea mshazari na kujitokeza mbele yake, na hana budi kufumua. Zaidi ya hayo, nakshi ya utepe huu sharti ikutane na nakshi ya utepe wa pili zinaposhonwa pamoja. Kwa hiyo anabeba kichwani picha ya mkeka mzima, wakati mkononi ana utepe usiozidi upana wa vidole vichache.

Kanga hutoa somo jingine. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati. Ikunjeni kanga, na mara nyingi mtaona upande wa kushoto ukilingana na wa kulia. Kisha tazameni jina. Maandishi hayakubali kukunjwa: yana mwanzo na mwisho, na yakigeuzwa hayasomeki. Ndiyo maana jicho hulikimbilia jina upesi. Ndilo lililovunja ulinganifu.

Ndugu zetu waliotoka Kongo nao wana hazina yao. Wakuba wa Kasai hutengeneza vitambaa vya nyuzi za rafia: wanaume hufuma, wanawake hutia nakshi. Mwanahisabati Mmarekani Donald Crowe alizichunguza nakshi hizo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1971. Hisabati imethibitisha kwamba ziko njia 7 tu za kuirudia nakshi katika utepe, na njia 17 tu za kuirudia katika uwanja mzima. Crowe alizikuta kwa Wakuba zote 7 za utepe, na 12 kati ya zile 17. Mafundi hao hawakusubiri kitabu cha mtu.

Inasimuliwa pia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki wakidhani atastaajabu. Pikipiki haikumshughulisha. Kilichomvutia ni alama ya gurudumu mchangani, akaamuru nakshi hiyo inakiliwe.

Ruwaza za majirani zetu

Wenyeji wa nchi hii nao wamezipenda ruwaza. Fuateni barabara ya Delaware kutoka Kenmore hadi katikati ya Buffalo, mtakuta jengo la Guaranty la Louis Sullivan, lililokamilika mwaka 1896, kuta zake zikiwa zimejaa nakshi za udongo wa kuchoma kama mlango wa Zanzibar. Katika mtaa wa Parkside ipo nyumba ya Darwin Martin, iliyojengwa na Frank Lloyd Wright kati ya 1903 na 1905, ambayo vioo vya madirisha yake huchora mti kwa mistari iliyonyooka. Kentucky, walipo wasomaji wetu wa Louisville, ni nchi ya mablanketi ya viraka. Makumbusho yake yako Paducah tangu 1991. Na huko Columbus, arusi ya Kisomali kwa kawaida huwa na hina mikononi.

Tusiuache utepe ukakatika

Lipo jambo la kuhofia. Ukindu hauoti Kenmore. Bibi anayejua kusuka amekaa ghorofani bila majani, na mjukuu hajamwona akisuka hata siku moja. Hesabu hii haimo vitabuni. Imo vidoleni, na vidole huzeeka. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee. Hata hivyo, kanuni haimo katika jani. Tepe za plastiki, nyuzi za sufu au fulana kuukuu zilizochanwa zitaupokea ukili uleule. Kwa wanaopenda sindano, Stitch Buffalo, iliyoanzishwa mwaka 2014 katika West Side, huwakutanisha wanawake wakimbizi na wahamiaji kwa kazi za mikono.

Kwa mwezi huu, tunaziomba familia zifanye mambo matatu:

1. Kateni tepe nane za karatasi, nne za rangi moja na nne za nyingine. Bibi au mama amfundishe mtoto kusuka juu ya mbili, chini ya mbili. Mtoto aandike kanuni hiyo kwenye daftari lake.

2. Tandazeni kanga sakafuni, mtafute mahali pote inapoweza kukunjwa ikalingana.

3. Mtoto akipewa kazi ya ulinganifu, apeleke shuleni kanga, kofia au kawa, na aeleze nani aliitengeneza au kuivaa.

Mwalimu atakapouliza, “Nani amekufundisha haya?”, mtoto awe na jina la kutaja: la mama yake, au la bibi yake.