Si Kila Tusi Linaharibu Hoja

Mwanakijiji anasimama kwenye kikao cha mradi wa maji na kusema kwamba idadi ya ndoo zilizouzwa hailingani na fedha zilizoingia. Mweka hazina anamjibu: "Huyu hata darasa la saba hakumaliza, leo anifundishe mahesabu?" Watu wanacheka, ajenda inayofuata inasomwa. Hapo pana upotofu wa hoja, kwa maana elimu ya msemaji imefanywa sababu ya kukataa anachosema.

Tuseme angejibu hivi: "Umehesabu na ndoo za zahanati, ambazo hazilipiwi. Tazama ukurasa wa pili, mjinga wewe." Ametukana, na anastahili kukemewa. Lakini swali amelijibu. Liondoe tusi, jibu linabaki. Kwenye lile la kwanza, ukiondoa dharau hakibaki kitu. Inasikitisha kusikia redioni watu waliosoma wakilalamika "unanishambulia mimi binafsi" kila wanapoguswa, ili mradi wasijibu walichoulizwa.

Kuna pahala mtu mwenyewe ni sehemu ya hoja. Mahakamani wakili huruhusiwa kumhoji shahidi hadi uaminifu wake utikisike, kwa kuwa kinachotegemewa ni neno lake. Anayeleta takwimu ambazo yeyote anaweza kuzikagua, huyo kesi yake ni nyingine.

Ronald Fisher, mtakwimu mashuhuri wa Uingereza na mvutaji wa kiko, katika miaka ya 1950 alipinga kwamba imethibitishwa sigara inaleta saratani ya mapafu. Huenda, alisema, kuna maumbile ya kurithi yanayomfanya mtu apende sigara na pia yanayompa saratani. Fisher alikuwa mshauri wa kampuni za tumbaku. Kulitaja hilo ni haki kabisa, tena ni sababu ya kumkagua kwa makini zaidi. Hata hivyo halikutosha kuipindua hoja yake. Iliyompa taabu ni hesabu ya Jerome Cornfield na wenzake, mwaka 1959: ikiwa wavutaji wanaugua mara tisa zaidi ya wasiovuta, basi hicho kisababishi kilichojificha nacho lazima kiwe kimeenea kwa wavutaji angalau mara tisa zaidi. Hakuna aliyeweza kukionyesha.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kikao akishamkemea anayetukana, asiishie hapo. Arudie swali lililokuwa mezani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.