Kaye ya madeni isilale nyumba moja

Mama anayeuza mchele na mafuta ya mawese hapa Bengamisa huandika madeni ya wateja katika kaye. Lakini kaye moja ikilowa mvua, au mtoto akichana karatasi za kuwashia moto, linabaki neno lako na neno la mteja.

Vikundi vyetu vya AVEC vina dawa. Njia hiyo ilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa mama watatu tofauti, na mwisho wa mkutano wote wanakariri kiasi kilichobaki ndani. Hesabu inakaa katika vichwa vingi.

Tufanye vivyo hivyo na biashara zetu. Kila juma, nakili madeni katika kaye ya pili, uiweke kwa dada yako au kwa mama mkwe (kama mnapatana!). Mwenye telefone ya kamera apige picha ya ukurasa, amtumie ndugu aliye Kisangani kwa WhatsApp. Telefone ikiibiwa, picha iko kwake. Mimi naanza na kaye ya pili, kwani haihitaji umeme. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, na mteja atie sahihi au alama ya kidole.